Mtumbwi wa Sentimita 45

(Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi hapa Kirumba, Mwanza, mbele ya vijana wanaojifunza useremala, wavuvi na wazazi wachache. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa meli ndogo za mbao, zile za kuweka juu ya meza. Nadhani walionialika walitarajia nije na jahazi lenye matanga, linameta kwa vanishi. Nimekuja na mtumbwi. Tena haujaisha, mnauona: upande mmoja una mbao tatu, mwingine una mbili. Nimeuleta hivyo makusudi, mtajua kwa nini.

Ulaya na Marekani kazi hii mara nyingi huanzia dukani. Mtu ananunua boksi. Ndani yake kuna mbavu zilizokwisha kukatwa, fito, uzi, vikapi vya kupitishia kamba, vidogo kama punje za mtama, na michoro. Anakaa nalo mwaka, pengine miwili. Sisi duka hilo hatuna, na ukiliagiza, usafiri na ushuru vinakumaliza. Lakini nikikaa nikiwaza, naona hakuna watu waliozoea meli za boksi kama watu wa maziwa haya. SS William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikaja vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kuingia majini mwaka 1900. MV Victoria, hiyohiyo mnayopanda kwenda Bukoba, ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaungwa upya Kisumu na kushushwa ziwani mwaka 1961. Liemba ya Tanganyika ilitoka Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, imefungwa kwenye masanduku kama 5,000. Hata Stanley mwaka 1875 alifika Kageye, hapo juu kidogo ya Mwanza, na mashua yake Lady Alice ikiwa vipande mabegani mwa wapagazi waliotembea nayo kutoka Bagamoyo. Ilikuwa ya mbao, futi 40 kwa futi 6. Wakaiunga, akazunguka nayo ziwa zima. Basi boksi si dhambi.

Ila boksi lina jambo moja. Aliyekata zile mbavu kiwandani ndiye aliyefanya kazi ngumu, kazi ya umbo. Wewe unabaki kugundisha. Na mimi ninachotaka kuwaonyesha leo ni hiyo kazi ngumu, kwa sababu mtumbwi wa ziwa hili hauna boksi, na hauna mchoro pia. Mjomba wangu, aliyenilea kule Ukerewe, alijenga mitumbwi maisha yake yote na sikumwona hata siku moja akichora kitu. Ukimuuliza upana wa katikati, ananyoosha mikono. Mchoro ulikuwa kwenye jicho lake, na alipofariki ukaenda naye. Siku hizi boti za faiba zinaongezeka mialoni, kule wavuvi wanakoshushia samaki. Sizilaumu: hazivuji, hazili magogo, mvuvi ana haki ya chombo kizuri. Lakini kama kuna mtumbwi wa mbao umevutwa mchangani karibu na kwenu, na umejengwa na fundi anayejua, nenda ukaupime mwezi huu.

Na kupima ni hivi. Unahitaji tepu, kamba, timazi, chaki na kipande cha waya wa umeme ule mnene wa shaba, unaopindika kwa mkono na kubaki ulivyoupinda. Funga kamba kutoka ncha ya mbele hadi nyuma, juu kabisa, iwe imenyooka katikati ya chombo. Watu wa pwani wanasema omo na tezi. Kwa mjomba ilikuwa mbele na nyuma, basi. Kila nusu mita weka alama ya chaki. Kwenye kila alama angusha timazi, upate kina hadi kwenye mkuku, yaani ule uti wa chini wa chombo, halafu pima upana kwenda kulia na kushoto. Mwisho chukua waya, uulaze ubavuni kwa nje, kuanzia mkuku hadi ukingo, uubonyeze ufuate mbao. Uutoe polepole, uulaze juu ya boksi la karatasi ngumu, uchore. Hilo ndilo umbo la ubavu mahali pale.

Ondokeni na tahadhari moja. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mwaloni, mwenye mtumbwi alidhani mimi ni afisa wa uvuvi nimekuja kukagua. Alikuwa mkali kweli. Nilipomwambia nataka kutengeneza mdogo wa kuweka sebuleni, akakasirika zaidi, akaona namfanya mjinga. Siku hizi nabeba mmoja uliokwisha kwisha, nautoa kwanza kabla ya tepu. Wavuvi wanaugeuza, wanachungulia ndani, halafu wanaanza kunikosoa: hapa pamebana, huku nyuma pawe papana, injini itakaa wapi? Hapo ndipo napata vipimo vya kweli.

Mtumbwi niliopima mimi una mita 9 urefu na mita 1.90 upana. Nimeushusha kwa skeli ya 1:20, maana yake kila mita moja inakuwa sentimita 5. Unapata sentimita 45 kwa 9 na nusu. Nusu mita zangu za chaki zinakuwa sentimita mbili na nusu. Ubao wa inchi moja unabaki na unene wa milimita moja na robo. Mvuvi wa mita 1.70 anakuwa sentimita nane na nusu, na ukikata picha yake kwenye karatasi ukamsimamisha ndani unajua mara moja kama umekosea. Skeli kubwa hivi ni nzuri kwa chombo kidogo. Kwa meli kama MV Mwanza, ile ya mita 92.6 iliyoshushwa majini hapa kwetu Februari 2023, 1:20 ingekupa kitu cha mita nne na nusu. Hiyo unaishusha 1:100, inakuwa sentimita 92 na kidogo.

Sasa mbao. Kila kijana ananiambia mvule, kwa sababu mtumbwi wa kweli ni mvule ukipatikana. Kwa mtumbwi mdogo mvule haufai. Vinyweleo vyake ni vikubwa. Kwenye ubao wa milimita moja vinaonekana kama mitaro, na ukiukunja unapasuka papo hapo. Unataka mti wenye nyuzi laini zilizobanana. Waingereza walisifu sana mti wao uitwao boxwood, na mpeasi. Sisi tuna mlimau na mchungwa, tuna mpera, na tuna mti ambao hakuna anayeufikiria: mbuni. Kule Kagera mibuni mizee inang'olewa na kuchomwa kuni. Ndani yake kuna mbao nyeupe-manjano, ngumu, laini kama mfupa. Tatizo lake ni kukauka. Ukiiacha juani inapasuka toka mwisho hadi mwisho. Ipake nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, iweke juu ya dari, isahau mwaka. Mimi natumia mbuni kwa mbao za nje na msonobari kwa vitu vya ndani visivyoonekana. Vikapi na vitu vidogo vya kuchonga ni mpingo, ila vumbi lake linawasha koo, vaa barakoa.

Mbavu nakata kwenye plaiwudi ya milimita 3. Zile nilizochora kwa waya, nazipunguza kwa hesabu, nakata moja moja, nazichomeka kwenye mgongo, ambao ni plaiwudi pia. Hizi ni mbavu za uongo, si mataruma, yaani mbavu halisi za chombo. Kazi yake ni kubeba umbo. Mataruma halisi utayaweka ndani baadaye, mahali ambapo jicho linafika. Kisha, na hapa watu wanaruka, lazima uzisawazishe. Ubavu wa plaiwudi una ukingo wa mraba, lakini ubao unaopita juu yake unakwenda kwa mshazari kuelekea mbele. Ukiubandika hivyohivyo utagusa kona tu. Kata kijiti chembamba cha msonobari, kiweke kwenye mbavu tatu au nne kwa pamoja, angalia mwanga unapita wapi. Panapopita mwanga, ubavu ni mdogo. Jirani yake ni mkubwa. Msasa namba 120 uliogundishwa kwenye kipande cha ubao, polepole, kijiti tena, msasa tena. Jioni nzima inaisha hapo.

Sasa niwaambie kwa nini huu umesimama mbao tatu kwa mbili.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa jahazi. Ofisi moja hapa mjini iliniagiza, wanataka zawadi ya mkubwa anayestaafu. Nikajenga mbavu vizuri, nikafurahi. Jumapili nikaamka mapema nikasema leo namaliza upande mmoja. Nikabandika upande wote wa kushoto, kuanzia juu hadi mkuku, mbao kumi na moja, gundi mbichi. Nikalala usingizi wa mfanyakazi. Asubuhi nilikuta ndizi. Nawaambia kweli: mbao zilikuwa na maji ya kukunjia, zilipokauka zikasinyaa, zikavuta, na upande wa kulia hapakuwa na kitu cha kuzizuia. Mgongo umepinda milimita nane. Nikajaribu kunyoosha kwa mvuke, kwa mawe, kwa maombi. Yule mkubwa alistaafu na saa ya ukutani.

Ndiyo maana, ubao mmoja kulia, ubao mmoja kushoto. Usizidishe zaidi ya mmoja. Hata kama mgeni amefika na umebakiza ubao mmoja, fanya uishe ndipo umkaribishe chai.

Na mbao zenyewe hazikatwi sawa. Mjomba alisema mtumbwi ni kama samaki, tumbo pana, kichwa chembamba, na ubao ni ngozi. Kwenye mtumbwi huu, kutoka mkuku hadi ukingo pale katikati ni milimita 62. Kule mbele kabisa ni milimita 36. Mtumbwi wa kweli una mbao sita kila upande. Basi 62 gawa kwa 6, ubao una milimita 10 na kidogo katikati. 36 gawa kwa 6, unabaki na milimita 6 mbele. Kila ubao unarandwa upungue taratibu kutoka kumi hadi sita. Asiyejua hili anabandika fito za upana mmoja, mbele zinarundikana, anazilazimisha, zinainuka kama magamba. Hesabu ndogo tu: ikitokea kule mbele ubao unatakiwa uwe chini ya nusu ya upana wake wa katikati, acha, ncha itakuwa kali mno, haina pa kushika gundi. Kata mmoja uishie njiani, wenzake wawili waendelee. Kule nyuma hutokea kinyume, panapanuka, unaongeza kipande cha pembetatu katikati. Na usipime kwa rula; ukanda wa karatasi unatosha. Uzungushe kwenye ubavu, weka alama mwanzo na mwisho, ukunje au ugawe, uhamishie alama kwenye mbavu. Karatasi inafuata mviringo, rula haifuati.

Kukunja: joto ndilo linalolainisha mti, maji yanasaidia tu kulifikisha joto ndani. Vijana wengi huloweka usiku kucha kama maharage, halafu ubao unavimba na bado unavunjika. Mimi nina chupa ya chai ya zamani, mdomo mpana. Namimina maji yanayochemka, natumbukiza ncha za mbele za mbao mbili, ya kulia na ya kushoto pamoja, nafunika kwa kitambaa. Dakika ishirini. Kisha nazipinda juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, kwa kidole gumba, polepole, hadi nisikie zimekubali. Kuna hisia fulani pale; ubao unaacha kusukuma. Nazifunga kwenye mbavu kwa mipira ya kufungia hela bila gundi, zikauke usiku. Gundi ni kesho.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kazi yote. Paka kidogo, bana kwa vibanio vya nguo, nusu saa unaweza kutoa kibanio, lakini usianze kupiga msasa hadi siku ipite. Iliyotoka nje ifute na kitambaa chenye unyevu saa hiyohiyo, maana ikikauka, vanishi haitaingia pale na utaona madoa maisha yako yote. Supa gluu ninayo, naitumia kwa vifundo vya kamba. Kwenye mbao inaacha ukungu mweupe na haikupi nafasi ya kusahihisha. Zamani mafundi wa vitu vya thamani Ulaya walitumia gundi iliyochemshwa kutoka kwenye mabondo, ile mifuko ya hewa tumboni mwa samaki. Naam, mabondo! Tunayauza China kwa bei ya dhahabu, na hapa nanunua gundi ya dukani. Msinifuate nyumbani na mabondo, sina hela hiyo.

Misumari. Mtumbwi wa kweli kichwa cha msumari kina sentimita moja hivi. Kwa 1:20 ni nusu milimita. Keekee ya dukani haina sindano ya namna hiyo kwa urahisi. Chukua sindano ya kushonea, vunja kichwa katikati ya tundu, zibaki meno mawili. Hiyo inatoboa mbao vizuri kuliko mnavyodhani. Ishike kwenye kishikio kidogo cha mkono, zungusha kwa vidole. Msumari wenyewe natumia mwanzi. Vile vijiti vya mishikaki, vipasue kwa wembe, halafu kipande cha chuma cha bapa kitoboe matundu kuanzia makubwa kwenda madogo, uvute mwanzi kupitia kila tundu hadi ufikie unene unaotaka. Wa mwisho unakuwa kama unywele mnene. Chovya kwenye gundi, tia, kata kwa wembe. Mtumbwi huu utachukua zaidi ya mia nne. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa.

Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, inanipendeza. Mjomba aliziba kwa pamba, na sisi tuko nchi ya pamba, kwa hiyo nikajiuliza nitumie nini. Wengine wa nje hupitisha penseli kwenye ukingo wa ubao kabla ya kubandika, ukitazama unaona mstari mweusi kama lami. Nzuri kwa meli za bahari. Kwa mtumbwi wetu nimechukua uzi mmoja wa pamba, nikauchambua nikabaki na nyuzi mbili tatu, nikazisukuma kwa ncha ya kisu. Sogeeni mwone, hapa chini karibu na mkuku. Mweupe ule si rangi.

Rangi paka nyembamba, mara nne, si mara moja nzito. Kama kuna tanga, bafta nyepesi iliyochemshwa kwenye chai ya rangi inatosha. Kitambaa cheupe cha dukani kinaonekana kama bendeji. Zaidi ya hapo sina la kuongeza juu ya matanga, mimi ni mtu wa mbao.

Kuna mtoto ameniuliza hapo nje kama huu unaelea. Utaelea, na swali ni zuri kuliko anavyojua. Ukipunguza urefu mara 20, uzito unapungua mara 20 mara 20 mara 20, yaani 8,000. Mtumbwi wa kilo 800 mtupu, mdogo wake aliye sawa anatakiwa awe na gramu 100. Mtumbwi pamoja na shehena yake, jumla tani 2, gramu 250. Ukiweka kwenye beseni ukiwa na uzito tofauti, utakaa juu mno au chini mno, na wavuvi watakucheka. Na jaribuni kitu kimoja: wekeni nati tatu chini kabisa, mtikise, urudi wima. Kisha nati zilezile zifungwe juu ya kijiti katikati, mtikise. Unalala. Wasweden walijifunza hilo mwaka 1628, meli ya mfalme iitwayo Vasa, mizinga mizito iko juu, ilizama safari yake ya kwanza bandarini Stockholm. Waliiinua mwaka 1961, mwaka uleule Victoria yetu inashushwa Kisumu. Sisi nasi tuna 21 Mei 1996. Nilikuwa darasa la tatu MV Bukoba ilipopinduka, na wengi humu mna makaburi Igoma. Sitasema zaidi, ila mtoto akicheza na nati kwenye beseni msimfukuze.

Vifaa viko mezani hapa: wembe, rula ya chuma, vibanio, msasa, chupa ya chai imejaa maji ya moto. Upande wa kulia una mbao tatu, wa kushoto una mbili, na ule wa tatu wa kushoto umelala kwenye chupa tangu nilipoanza kusema. Umeiva. Kijana wewe mwenye fulana ya kijani, nawa mikono uje ushike mbele, mimi nitashika nyuma.